Waraka wa Kuombea Macho

Kuomba kuna adabu zake, na kumwombea mwengine kuna adabu zaidi. Ajiombeaye mwenyewe huzuiwa na haya yake. Ama amwombeaye mwengine, haya si yake, na aweza kuitandaza njiani haja ya mwenziwe ikakanyagwa na kila mpitaji, naye jioni akarudi kwake hakupungukiwa na kitu. Kwa ajili hii naona kazi ya kuandika na kupamba nyaraka za kuombea sadaka ni ya kutazamwa kwa jicho kali kuliko kazi ya kupamba matangazo ya sabuni. Na kwa jicho hilo nimelitazama daftari la binti mmoja aliyepata kusoma kwangu, ambaye sasa yuko Uingereza akijifunza usanifu wa michoro na uchapaji.

Waalimu wake walimpa kazi hii: achague jambo la kheri, achunguze nyaraka ambazo vyama vya kheri huzipeleka majumbani kwa posta, kisha apange na kuchora waraka wake mwenyewe kamili, tangu bahasha ya nje mpaka ile bahasha ndogo ya kurejeshea fedha. Akachagua matibabu ya macho, na hasa mtoto wa jicho, maradhi ambayo hapa pwani ni nadra kuipata nyumba isiyoyajua. Aliniletea daftari la utafiti wake pamoja na mfano wa waraka uliokwisha kunjwa, akaniandikia: "Maalim, nikosoe kama ulivyokuwa ukinikosoa hati." Ameniruhusu niyaseme hapa, maadamu simtaji jina wala chuo chake. Nami nayasema kwa kuwa vijana wetu wengi sasa wanaingia katika kazi hizi, na kwa kuwa misikiti na madrasa zetu nazo huchapisha kadi na nyaraka za michango bila ya mtu kukaa hata saa moja akafikiri karatasi ile itamwambia nini atakayeishika.

Kwanza msomaji ajue mambo yalivyo huko. Katika Uingereza ni desturi ya miaka mingi chama cha kheri kumwandikia mtu asiyekijua, barua ikaja na jina lake limechapwa juu, ikamweleza dhiki fulani na kumtaka atoe. Aghlabu waandikiwao ni wazee, kwa sababu wao ndio waliokulia katika zama za barua, na ndio wazifunguao. Majina yao hukaa katika orodha, na orodha hizo vyama vilikuwa vikibadilishana na hata kuuziana. Mwaka 2015 alifariki mjini Bristol bibi wa miaka 92 aliyekuwa akijulikana kwa kuuza maua ya kumbukumbu ya wanajeshi kwa miaka mingi sana, ikaja kubainika kuwa jina lake lilikuwamo katika orodha za vyama 99. Jamaa zake walisema wazi kwamba si barua hizo zilizomwua, na ni haki maneno yao yasikike. Lakini nchi ilitikisika. Bwana Stuart Etherington akapewa kazi ya kuyachunguza mambo ya uchangishaji, mwaka 2016 kikaundwa chombo kipya cha kuyasimamia, na mwaka 2017 ukawekwa utaratibu wa mtu kuarifu kuwa hataki kuandikiwa tena na chama fulani.

Binti huyu ameiweka habari hii katika kurasa za mwanzo kabisa za daftari lake, kabla ya rangi na kabla ya herufi. Hapo nilimsifu, na namsifu tena. Wengi wangeanza na picha.

Sehemu ya pili ya utafiti wake ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Alimwendea jirani yake, mama mtu mzima akaaye peke yake, akamwomba asizitupe barua za kuomba zimjiazo, bali amwekee kikapuni. Kikapu kikajaa. Akazitandaza barua zile sakafuni akazipanga: zenye maneno juu ya bahasha na zisizo na maneno, zenye picha ya mtoto na zenye picha ya mnyama, zilizotiwa kitu ndani na zilizo tupu. Akapima herufi kwa rula. Akaandika nani ametia sahihi, mkurugenzi au daktari au mgonjwa mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo sikulikuta katika vitabu vya namna hii: akamwomba yule mama azifungue baadhi yake mbele yake kama afunguavyo siku zote, naye akakaa kimya akitazama. Yule mama alisimama karibu na pipa la taka. Alitazama jina lake kama limeandikwa sawa. Akageuza karatasi akatazama chini, nani aliyeandika. Akasoma yale maneno mafupi yaongezwayo baada ya sahihi. Hapo ndipo aliporudi juu, kama alirudi.

Jambo hili Mjerumani mmoja, Siegfried Vögele, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi macho ya watu yanavyotembea juu ya barua za namna hii, alikwisha kulisema: watu huanza na jina lao, huangukia sahihi, na nyongeza ya chini husomwa na wengi kabla ya barua yenyewe. Lakini kulisoma kitabuni ni kitu kimoja, na kuliona kwa mama wa jirani aliyeshika karatasi mkono mmoja na kifuniko cha pipa mkono wa pili ni kitu chengine. Sisi tuliofundishwa kuanza waraka kwa sala na salamu na kumtaja mwandikiwa kwa heshima zake zote, mistari mitatu minne kabla ya haja, tutaona ajabu kwamba huko haja hutazamwa mwanzo na salamu huja baadaye, ikiwa itakuja. Na hata hivyo wale wazee wetu hawakuwa wakipoteza karatasi. Salamu zile zilimwambia msomaji: nakujua wewe ni nani. Jina lililochapwa na mashine juu ya barua ya kuomba linataka kusema neno lilo hilo, na ndiyo maana likikosewa herufi moja barua nzima huenda pipani.

Katika kurasa zake za historia amepita haraka, nami sitamlaumu, ila mahali pamoja ningependa angekaa zaidi. Amemtaja Einar Holbøll, karani wa posta wa Denmark, ambaye alipokuwa akizipanga barua na kadi za sikukuu ya Krismasi aliwaza kwamba lau kila moja ingebandikwa kijikaratasi cha ziada chenye thamani ndogo kabisa, fedha zake zingewatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Vikaanza kuuzwa mwaka 1904, vikiwa na sura ya malkia wa nchi hiyo, na mwaka huo wa kwanza vikauzwa zaidi ya milioni 4. Mwaka 1907 bibi mmoja wa Delaware katika Marekani, Emily Bissell, akaiga, akitafuta dola 300 kwa hospitali ndogo ya wagonjwa wa kifua, akapata karibu mara 10 ya hizo. Mtazame karani yule. Hakumtisha mtu wala hakumliza. Aliona kitu ambacho watu wanakifanya tayari kwa furaha, akaweka pembeni mwake mlango mdogo wa kheri, kila mwenye senti aweze kuupita bila ya kuinama. Hii ndiyo akili ya kazi hii, na binti yetu ameipa nusu ukurasa.

Kurasa nyingi zaidi amezipa majaribio ya wataalamu, na mawili kati yake yafaa kuelezwa, kwa kuwa juu yake ndipo alipoujenga mpango wake.

La kwanza lilitolewa mwaka 2007 na wataalamu watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic. Watu walipewa dola 5 kila mmoja kwa ajira ndogo, kisha wakaulizwa wangetoa kiasi gani kati yake. Baadhi walipewa hesabu za njaa katika nchi za Afrika, mamilioni kwa mamilioni. Wengine walipewa habari za mtoto mmoja tu, Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali. Waliopewa hesabu walitoa kwa wastani kiasi cha dola 1 na senti 14. Waliopewa Rokia walitoa dola 2 na senti 38. Na waliopewa Rokia pamoja na hesabu, walishuka wakawa karibu na wale wa kwanza. Binti akaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Uso mmoja. Nambari hapana."

Mimi namuuliza: je, umesoma mpaka mwisho? Maana wataalamu wale wale waliwafundisha baadhi ya watu habari hii kabla ya kutoa, yaani wakawaambia kwamba moyo wa mwanadamu humwonea huruma mmoja kuliko wengi. Matokeo hayakuwa kwamba waliwaongezea wale wengi. Walimpunguzia Rokia. Sasa hili ni neno zito kuliko lile la wino mwekundu. Linaonyesha kwamba huruma iliyoamshwa kwa uso peke yake ni kama moto wa makuti, huwaka mara moja, na mtu akiupulizia fikira kidogo tu huzimika. Atakayejenga chama cha kheri juu ya moto huo atahitaji makuti kila siku, na makuti yenyewe ni nyuso za watu. Jaribio limepima mkono unatoa nini saa ile. Kama inajuzu kumweka Rokia mezani, hilo halikupimwa, wala hawakudai kulipima.

La pili ni la Armin Falk, na lilifanyika Uswisi, katika jimbo la Zurich. Kabla ya Krismasi ya mwaka 2001 zilipelekwa barua kiasi cha 10,000 kuwaombea watoto wa mitaani wa Dhaka, Bangladesh, wapate kusoma. Theluthi moja ya watu walipelekewa barua tupu. Theluthi ya pili walitiliwa kadi moja yenye picha iliyochorwa na watoto hao, na theluthi ya tatu wakatiliwa kadi nne na bahasha zake. Waliopewa kadi moja, idadi ya waliotoa ilizidi kwa 17 katika 100. Waliopewa nne, ilizidi kwa 75 katika 100.

Hapa wasomaji wetu hawahitaji mtaalamu wa Uswisi. Jirani akikuletea sahani ya futari, sahani hairudi tupu. Mama zetu wanalijua hili, na wanajua pia upande wake wa pili: yuko jirani akuleteaye kitumbua kimoja kwa kuwa ameona kwako kunapikwa pilau. Basi binti yetu, baada ya kuisoma habari ya Zurich, amepanga kutia kalamu ndani ya bahasha yake. Kalamu ya plastiki, yenye jina la chama.

Kwa nini kalamu? Daftari lasema: ni rahisi, yapita katika bahasha bila ya kuongeza uzito mwingi, na humfanya mtu aone ana deni. Sababu mbili za mwanzo ni za fundi na sina neno nazo. Ya tatu ndiyo nimeizungushia duara. Kanuni za uchangishaji za Uingereza zenyewe zinakataza kitu kutiwa barua ili kumtia mtu haya ya fedha au kumfedhehesha akatoa, na yeye kanuni hizo amezinakili ukurasa wa nne. Na zaidi ya kanuni, ametazama hesabu ya Zurich akaacha kutazama kilichokuwamo mkononi mwa watu wa Zurich. Kadi zile zilichorwa na watoto wenyewe. Mzee wa Zurich alipoifungua bahasha alikutana na mti na nyumba na jua kama alivyoviona mtoto wa Dhaka, na mtoto yule alikuja kwake na kitu mkononi. Hakuja na mkono mtupu tu. Kalamu haijui kitu juu ya macho. Kama lazima iwepo zawadi, nimemwambia, tafuta kitu ambacho aliyetibiwa macho amekifanya baada ya kuona: mshono wa kofia, msuko wa ukili, hata mstari mmoja wa hati yake. Kichapishwe kwenye kadi, na mwenyewe awe ameridhia.

Na hapa ndipo tufikapo kwenye kuridhia, na kwenye lile lililonikosesha usingizi katika kazi hii.

Juu ya bahasha ya nje amechapa picha ya mama mzee mwenye buibui, jicho moja limefunikwa na weupe, amekaa kizingitini. Ndani, barua inaanza kwa kumtaja jina, ikasema anakaa kijiji fulani cha pwani yetu, ana wajukuu wanne, na tangu miaka sita hajauona uso wa hata mmoja wao. Ni barua nzuri. Imeandikwa kwa ufupi na kwa sauti ya mtu, na mimi mwenyewe ilinigusa. Kisha nikageuza ukurasa wa daftari ambapo picha zimeorodheshwa zilikotoka, nikaona picha imechukuliwa katika akiba ya picha za kuuzwa, na maelezo yake yanataja nchi nyengine kabisa, mbali na pwani hii. Jina si lake. Kijiji si chake. Wajukuu wamezaliwa mezani kwa binti yetu.

Nilimwuliza, naye akajibu kwa adabu: "Maalim, ni zoezi tu, haitapelekwa kwa mtu." Na akaongeza kwamba wanafunzi wote hufanya hivyo, na kwamba vyama vyenyewe hubadilisha majina ili kuwahifadhi wagonjwa.

Jawabu hili lina sehemu mbili na nitazitenganisha. Kubadilisha jina la mtu aliye kweli, kwa kumhifadhi, na kumwambia msomaji kwamba jina limebadilishwa, hilo ni sitara na mimi silipingi. Ama kumchukua mama wa watu usiyemjua, ukampa jina, ukampa umasikini, ukampa wajukuu wasiomwona, kisha ukamsimamisha mlangoni kwa mtu mwengine aombe, huko ni kumvisha mtu kanzu ya uwongo. Na kusema ni zoezi hakusaidii. Mtoto akisoma herufi kwa makosa juu ya ubao hatumwambii kwamba huu ni ubao tu, msahafu utakuja baadaye. Ulimi hauna ulimi wa zoezi na ulimi wa kweli. Mwenye kuzoea katika miaka mitatu ya chuo kwamba hadithi ya masikini ni kitu cha kutungwa, hatapata siku ya nne ya kujua kwamba ni kitu cha kuulizwa.

Tena jambo hili si geni wala si sisi tu tulilalamikialo. Jørgen Lissner, aliyefanya kazi katika mashirika hayo hayo ya misaada, aliandika mwaka 1981 makala ya ukali akiwaita wenzake wafanyabiashara wa taabu. Baada ya njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 na 1985, picha za watoto waliobaki mifupa zilipojaa katika magazeti na televisheni za Ulaya, wengi walianza kujiuliza zile picha zimewafundisha nini watu wa Ulaya juu ya Waafrika, na mwaka 1989 mashirika ya Ulaya yalikubaliana juu ya kanuni za picha na maneno, kwamba mtu asionyeshwe kama kitu kisicho na nguvu wala heshima. Haya yote yamo katika vitabu vya chuo chake. Ila nadhani yapo rafu moja, na masomo ya kupiga na kupanga picha yapo rafu nyengine.

Kur'ani katika Surat al-Baqara imewataja masikini ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri, kwa vile wanavyojizuia, wala hawawang'ang'anii watu. Mimi naifikiri hali ya mchoraji wa nyaraka mbele ya masikini wa namna hii. Yeye mwenyewe amejificha. Amevaa nguo safi, ameketi wima, anakujibu "alhamdulillahi" ukimuuliza hali. Picha yake haina thamani katika akiba ile ya picha, kwa kuwa haionyeshi kitu. Basi mchoraji humtafuta mwengine ambaye dhiki yake imechomoza nje, na kwa mwendo huo sadaka ya dunia hujifunza kwenda kwa mwenye kidonda kinachopigika picha vizuri.

Sasa nije kwenye hila yake kubwa, ile ambayo mwalimu wake wa huko ameipenda mno. Aya ya kwanza ya barua imechapwa kwa herufi zenye ukungu, kana kwamba msomaji mwenyewe ana mtoto wa jicho. Aya ya pili ukungu hupungua. Ya tatu ni wazi kabisa, na hapo ndipo waelezwapo upasuaji: jinsi kile kioo cha ndani ya jicho kilichoingia weupe kinavyotolewa na kuwekwa chengine cha kutengenezwa, kazi isiyochukua hata saa moja. Fikira ni ya akili, wala sitaki kuivunja kwa kuwa si yangu. Lakini nilimkumbusha mama wa jirani. Nani atakayeipokea barua hii? Mzee. Na mtoto wa jicho ni maradhi ya nani? Ya wazee, Uingereza kama hapa. Basi mama yule, amesimama karibu na pipa lake, ataifungua karatasi, ataona maneno yamefifia, na la kwanza kumjia halitakuwa huruma kwa mtu wa mbali. Atapapasa miwani. Ataisogeza karatasi dirishani. Moyo utamwenda mbio kwamba macho yake nayo yamefika. Hila hii imetungwa na mwenye macho ya miaka ishirini kwa ajili ya mwalimu mwenye macho ya miaka arobaini, na yule mwenye barua amesahauliwa.

Na ukungu wa makusudi haukumtosha. Ametia na usio wa makusudi. Herufi za barua yote ni za pointi 9, tena za rangi ya kijivu juu ya karatasi ya rangi ya maziwa. Chama cha vipofu cha Uingereza, RNIB, chashauri herufi zisipungue pointi 12, na bora 14, na ameuandika ushauri huo daftarini kwa mkono wake. Nilipomwuliza alisema herufi kubwa hazipendezi. Waraka wa kuombea macho usiosomeka na wenye macho mabovu! Nimecheka, naye alipoyasoma maneno yangu natumai amecheka.

Fomu ya kutolea nimeikuta safi, ila mambo matatu. Kwanza, ameweka visanduku vya pauni 25, 50 na 100, na hakuna chini ya hapo ila mstari mwembamba usemao "kiasi chengine". Hili nalijua vizuri, kwa kuwa kadi zetu za mchango hufanya lilo hilo kwa njia yetu: wa kwanza kuandika akiandika elfu, wa pili huona haya kuandika mia, na aliye na hamsini huipokea kadi akasema ataipitia kesho. Pengine kadi yetu ni mbaya zaidi, maana jina na kiasi cha kila mtu vimo wazi mbele ya mtaa mzima. Karani wa Denmark angeanza na kisanduku kidogo kabisa. Pili, amesahau tamko la Gift Aid, yaani ule mpango wa serikali ya Uingereza ambao mtoaji mwenye kulipa kodi akiweka alama tu, chama hupata peni 25 zaidi kwa kila pauni 1 bila ya yeye kutoa zaidi. Kulisahau hilo ni kumwaga sehemu ya maji njiani. Tatu, sheria ya England na Wales yataka chama kilichosajiliwa, chenye pato lizidilo pauni 10,000 kwa mwaka, kitaje katika nyaraka zake za kuomba kwamba kimesajiliwa. Naye ametaja, lakini ndani ya mkunjo wa nyuma, mahali ambapo mtu angeficha bei.

Bahasha ya kurejeshea haina kosa. Imeandikwa vizuri kwamba haihitaji stempu, na kwamba mwenye kutaka kubandika yake atakiokolea chama gharama. Maneno yale ni ya upole na ya kweli, na ningependa barua nzima ingekuwa ya tabia ya bahasha ile ndogo.

Kitu kimoja sikukikuta kabisa. Mpango wake unakwisha siku fedha zinapofika. Hakuna karatasi ya shukrani, hakuna barua ya miezi sita baadaye kusema fedha zimefanya nini, na jina la aliyetoa mara moja limepangwa kurudi katika orodha ya kuombwa tena baada ya wiki nane. Nimemwandikia kwamba achore barua hiyo ya shukrani kwanza, kabla ya kuigusa ile ya kuomba, na aone ni mambo gani atakayoweza kuyasema ndani yake bila ya kutunga.

Amenijibu wiki iliyopita. Picha ya mama wa kizingitini ameiondoa, na mahali pake hakuna picha. Bahasha ni nyeupe, ina jina la mwandikiwa kwa herufi za pointi 16 na jina la chama chini yake. Kalamu ameitoa. Ukungu amekataa kuuacha, ila ameuhamishia kwenye kadi ya pembeni yenye karatasi nyembamba ya kuvutwa, na juu yake pameandikwa wazi kwamba ukungu ni wa karatasi, macho ya msomaji hayana neno. Mimi bado sijaridhika nayo kadi ile. Ataipeleka kwanza kwa mama wa jirani aione, kisha kwa mwalimu, na kazi yenyewe yakabidhiwa mwisho wa mwezi.